Mjadala: Udongo wa misitu ya Tanga upimwe sasa, au tusubiri moshi uongezeke?

Mwana Muheza (mleta mada)
Wakuu, salaam. Tanga inafufuka: bandari imepanuliwa, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, saruji na chokaa tunachoma tangu zamani. Kila mradi ukitajwa tunabishania ajira na fidia. Udongo wa Usambara Mashariki hautajwi na mtu. Hoja yangu: upimwe sasa, hewa ikiwa bado nzuri, kwa sababu moshi ukishauchosha udongo, kupunguza moshi hakuurudishi ulipokuwa.

Tazameni Hubbard Brook, msitu wa jimbo la New Hampshire, Marekani. Tangu 1963 watafiti wanapima mvua inayoingia na maji ya vijito yanayotoka. Mvua ilikuwa na tindikali kwa sababu ya salfa na naitrojeni kutoka mitambo ya makaa ya mawe na magari. Salfa hiyo ikipenya ardhini huondoka na kalsiamu na magneziamu, virutubisho vya miti, na nafasi yake hushikwa na hidrojeni na alumini. Alumini ikiyeyuka ni sumu kwa mizizi, na kwa samaki pia. Sheria za hewa zikakazwa 1970, kisha 1990, salfa ikapungua angani. Watu wakategemea msitu upone upesi. Kufikia 1996 vipimo vilikuwa vinasema vingine: akiba ya kalsiamu ilikwisha kuliwa kwa miongo kadhaa, na mwamba huirudisha kidogo kidogo mno.

Mbishi wa Ngamiani
Mkuu, unatutisha na mambo ya Ulaya na Marekani. Msitu wetu unamalizwa na msumeno, mkaa na wachimba dhahabu, wewe unatafuta salfa. Halafu vumbi la saruji si chokaa tupu? Kama tindikali ipo, si litaizima lenyewe?

Bi Raskazone
Kaka Mbishi, kwenye vumbi umegusa kitu, ila umeishia njiani. Kule Kunda, Estonia, vumbi la kiwanda cha saruji lilizima tindikali ya udongo wa misonobari kupita kiasi, na miti iliyozoea tindikali ikadumaa. Miaka ya 1990 wakafunga vichujio, vumbi likapungua sana angani, lakini lililokwisha kuingia ardhini likabaki humo. Kwa hiyo udongo unaweza kuharibika kwa pande zote mbili.

Na sisi hatuna udongo wa aina moja. Amboni na Pongwe kumekaa juu ya mawe ya chokaa, tindikali kidogo ikidondoka inazimwa palepale. Panda Amani, kule juu Usambara Mashariki, uone: mwamba wa nisi, udongo mwekundu uliochakaa kwa mamilioni ya miaka, una tindikali yake ya asili, na mvua inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Rutuba yake karibu yote inazunguka kwenye majani yanayooza juu juu. Ukikata shamba pale, baada ya misimu michache unajua mwenyewe.

Mkulima wa Iliki
Dada kasema kweli. Naunga mkono hoja, ila mleta mada asitufanye tudhani Amani itafanya kama New Hampshire. Udongo mzee mwekundu, wenye oksidi nyingi za chuma na alumini, hunasa salfa. Hewa inaweza kuchafuka miaka na miaka, kijito kikaonekana hakina neno. Siku moshi ukipungua, salfa iliyonaswa inaanza kuachiwa taratibu, na maji yanachelewa kupona. Haya yameonekana kusini mashariki mwa Marekani, ambako udongo umechakaa kuliko wa kaskazini. Ninachoogopa ni kwamba mtu wa kiwanda atakuja na chupa ya maji aseme "mbona safi?", na hatakuwa anadanganya.

Mbishi wa Ngamiani
Haya. Kama shida ni kalsiamu, tumwage chokaa msituni. Tanga tutakosa chokaa jamani? 😂

Bi Raskazone
Wenzako walijaribu. Mwaka 1999, palepale Hubbard Brook, helikopta ilimwaga madini ya kalsiamu kwenye bonde la kama hekta 12. Miti ya mepo, ile ambayo utomvu wake huchemshwa kuwa sukari, ikanawiri kweli. Miaka kadhaa baadaye kijito kikaanza kubeba naitrojeni nyingi kuliko zamani. Hifadhi ya Amani ina zaidi ya hekta 8,000, na mimea yake imezoea tindikali. Helikopta utalipia wewe?

Mwana Muheza
Msumeno unatangulia, Mbishi, hapo sibishi. Wala sisemi udongo haupoi kabisa. Utafiti uliochapishwa 2015 ulirudia kupima maeneo ya kaskazini mashariki mwa Marekani na mashariki mwa Kanada, ukakuta alumini imepungua kwenye tabaka la juu la udongo. Chini zaidi, kalsiamu ilikuwa haijarudi. Walijua hayo kwa sababu walikuwa na vipimo vya zamani vya kulinganisha. Sisi tutalinganisha na nini?

Kuhusu gharama, tuanze na maji. Mto Zigi unatoka misitu hiyo hiyo na kujaza bwawa la Mabayani, ndiyo maji tunayokunywa mjini. Sampuli za vijito vyake juu msituni kila mwezi, pamoja na ndoo za kukingia mvua: kalsiamu, salfa, naitrojeni, alumini. Udongo wenyewe, kwa aliyosema Mkulima, uchimbwe sehemu chache zilezile kila baada ya miaka kumi. Anayeomba kibali cha bomba la moshi achangie.

Mbishi wa Ngamiani
Maji ya Zigi sawa, hayo nayanywa. Mashimo ya msituni bado hujanishawishi.

Mkulima wa Iliki
Njoo uchimbe la kwanza kwangu, bure. Jembe lipo.