Malori yapo, lami ipo, mbona mzigo haufiki mbele?

MdauWaMasasi
Wakuu, salaam. Naomba wanaojua ugavi wa kijeshi wanifafanulie. Oktoba 1917 pale Mahiwa, hapa hapa Lindi, Wajerumani waliwaumiza Waingereza vibaya, lakini mwezi uliofuata wao ndio waliovuka Ruvuma kwenda Msumbiji wakisaka chakula na risasi. Hiyo naielewa: mbung'o walimaliza wanyama, mizigo ilibebwa vichwani. Siku hizi kuna lori la tani 10. Iweje Warusi wakwame kaskazini mwa Kyiv mwaka 2022 na msafara wa zaidi ya kilomita 60? Tuseme batalioni ya watu 800 iko Masasi na bohari iko bandarini Mtwara, kama kilomita 200. Ugumu uko wapi?

Mzani_Mikindani
Mkuu, anza na mpagazi. Anabeba kilo 25, anakula karibu kilo moja kwa siku. Siku 10 kwenda, 10 kurudi: kilo 20 kazila mwenyewe, zilizofika ni 5. Lori halina shida hiyo. Kilomita 400 kwenda na kurudi linakunywa lita 160 hadi 200, si kitu mbele ya tani 10. Lori linaliwa na muda.

Piga hesabu. Maji lita 15 kwa mtu (kunywa, kupika, kunawa) ni tani 12 kwa siku. Ukipanda Newala usitegemee kuyakuta juu, uwanda wa Makonde tangu zamani maji yake yako mabondeni. Chakula tani 2 hivi. Kombora moja la mzinga wa milimita 155 lina kilo 43 kabla ya baruti yake. Mizinga 6 ikipiga makombora 100 kila mmoja ni karibu tani 26, na ukiweka baruti na vifungashio unapita 30. Ongeza dizeli. Unakaribia tani 50, yaani malori 5 yafike KILA siku.

Msafara hauendi mwendo wa basi. Weka kilomita 30 kwa saa: saa 7 kwenda, 7 kurudi. Kupakia kwa mikono saa 3, kushusha saa 3, dereva alale, gari likaguliwe. Hiyo ni siku mbili. Kwa hiyo unahitaji malori 10 ili 5 yafike. Batalioni ikisogea mpaka kilomita 400, mahitaji yake hayajabadilika lakini malori yanakuwa 20. Jeshi linaloshinda na kusonga mbele ndilo linalokaukiwa haraka.

Halafu barabara yenyewe ni moja. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara ya Dar kule Somanga na kusini kote kukasimama. Ukiweka mchepuko wa kupita gari moja moja, dakika 3 kila moja, malori 100 ni saa 5 za foleni, tena yamejipanga mahali pamoja adui akiyaona. Kyiv ilikuwa hivyo hivyo: matope hayakuruhusu kutoka kwenye lami, madaraja yamelipuliwa, mafuta yakaishia njiani.

FundiDizeli_Nachingwea
Mzani, hesabu yako nzuri ila umesahau mabovu. Kwa malori 10 ya mzunguko mimi ningetaka 14. Na yawe ya aina moja! Vita vya Kagera magari ya raia yalichukuliwa kusaidia jeshi. Mchanganyiko wa namna hiyo maana yake ni nozeli, mikanda na klachi za kila aina ghalani, na bado ile unayoitaka haipo.

Kingine ni maji kwenye dizeli. Pipa la lita 200 likisimamishwa nje, mvua inatuama juu kwenye mfuniko. Mchana pipa linapata joto, usiku linapoa na kuvuta hewa ndani, na yale maji yanafuata. Lilaze, vifuniko viwili viwe usawa mmoja, kulia na kushoto, ili mafuta yavifunike kwa ndani. Kabla ya kuchota liache litulie, na sentimita chache za chini usizivute. Ukipuuza, pampu inaanza kuliwa na kutu na lori linazimika katikati ya msafara.

Tairi nazo: kwenye kichanga unapunguza upepo, ukirudi lami unajaza. Dereva asipojaza, ubavu unachemka na kupasuka. Lori lililoegeshwa juani miaka bila kusogezwa, ubavu wake una nyufa tayari.

MdauWaMasasi
Asanteni sana. Na droni je?

Mzani_Mikindani
Zimeharibu kipande cha mwisho. Ukraine ilipopata HIMARS (mitambo ya Kimarekani ya kurusha roketi za mbali) katikati ya 2022, Warusi walilazimika kurudisha maghala nyuma, mbali na stesheni za reli, na wao reli ndiyo uti wa mgongo wao. Rudi kwenye hesabu ya juu uone malori yaliongezeka vipi. Kisha zikaja droni ndogo za kulipuka: kilomita 10 hadi 20 za mwisho lori kubwa halipiti mchana. Mzigo unagawanywa kwenye pikapu, pikipiki, hata vigari visivyo na dereva. Barabara zinafunikwa nyavu. Vifaa vya kuvuruga mawasiliano vinasaidia, lakini droni inayoburuza waya mwembamba wa nyuzi za kioo haivurugiki.

FundiDizeli_Nachingwea
Na pikipiki ikibeba kilo 100, zile tani 50 ni safari 500. Maji yakipatikana kwa kuchimba huko huko mbele, toa 120. Ndiyo maana mtambo wa kuchimba kisima na chujio la maji ningevipeleka kabla ya mzinga wa saba.