Mrejesho: Nimeirudia Final Destination 2

Wakuu, niliuliza kama Final Destination 2, filamu ya kutisha ya 2003, iliyonitoa jasho nikiwa sekondari, bado inatazamika au niiache ibaki kumbukumbu. Nimeitazama jana usiku.

Ile ajali ya barabara kuu pale mwanzoni, magogo yanamwagika kutoka kwenye lori, haijachuja hata kidogo. Mwongozaji, David R. Ellis, alianzia kwenye kazi za stanti, na inaonekana: magari yanabamizana kwelikweli. Magogo yalitengenezwa kwa kompyuta, lakini kwa kasi ile nani anakagua?

Katikati ndiko kumechoka. Yale maelezo ya jinsi uhai mpya unavyovuruga mpango wa kifo wa kuwamaliza walionusurika yanazungushwa mno. Ali Larter, anayeigiza Clear, anaokoa jahazi, na Tony Todd, kwa dakika zake chache na sauti ile nzito, anawafunika wote. Kioo kinachomponda yule kijana nje ya kwa daktari wa meno zamani kilinifanya nifumbe macho. Safari hii nimecheka (mnisamehe).

Mliosema nianze na ya kwanza, ya 2000, asanteni, bila hiyo Clear haeleweki. Ya tatu je, niiguse?