Seva tatu za baruapepe, matoleo matatu tofauti

Wa Changamwe:
Asalaam aleikum, waungwana. Kampuni yetu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa ina seva tatu za baruapepe, zote zikitumia mfumo endeshi wa Debian na Exim, programu ya kupokea na kutuma barua. Kila moja hujisasisha kwa wakati wake, na sasa ile ya Nyali inakataa barua ambazo nyingine mbili zinazipokea. Nifanyeje zilingane?

Mja wa Kizingo:
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Tengeneza hazina moja ya vifurushi vya programu ndani ya mtandao wenu, uigandishe katika hali uliyoijaribu, kisha seva zote zichukue programu humo badala ya kwenda kila moja kivyake intaneti. Anza na seva yenye namba kubwa zaidi katika rekodi za MX (zinazoonyesha seva zinazopokea barua zenu na mpangilio wa kuzifikia), kwa kuwa ndiyo inayofikiwa mwisho, na ukiridhika nayo uendelee na nyingine. Usiogope kuizima kwa muda: seva inayotuma huiweka barua foleni na kujaribu tena, na RFC 5321, waraka wa kanuni za kutuma baruapepe, inapendekeza isikate tamaa kabla ya siku 4 hadi 5. Hata hivyo, nashuku tatizo la Nyali liko kwenye faili za usanidi. Zihifadhi katika Git, inayotunza historia ya mabadiliko, na uzisambaze kwa Ansible, zana ya kusanidi seva nyingi kwa pamoja.

Bi Tudor:
Naafiki, ila marekebisho ya usalama yasingoje zamu. Mwaka 2019, dosari katika Exim 4.87 hadi 4.91 iliwawezesha wavamizi kuendesha amri kutoka mbali.