Naomba ushauri: kuendesha mota ya LEGO ya volti 9 kwa volti 12

Wakuu, habari zenu. Ninahitaji msaada kuhusu mota ya M (ya ukubwa wa kati) ya LEGO Power Functions, mfumo wa LEGO wa mota na betri; nataka iendeshe gari langu zito kwa kasi zaidi. Imeundwa kwa volti 9, yaani betri sita za AA, na bila mzigo huzunguka takriban mara 400 kwa dakika. Kasi hupanda pamoja na volti, kwa hiyo kwa volti 12 nategemea kama 530. Chanzo ni betri ya lithiamu ya seli tatu, ambayo ikijaa hufika volti 12.6. Naunga moja kwa moja kwenye C1 na C2, zile waya mbili za katikati.

Kinachonipa wasiwasi ni joto. Mota ikikwama kwa volti 12, mkondo huongezeka kwa theluthi, na joto kwenye koili hufika karibu mara 1.8. Kinga ya joto iliyomo ndani hukata, ila huchelewa, na brashi (vipande vinavyopitisha umeme kwenda sehemu inayozunguka) huumia mapema. Je, niongeze fyuzi inayojirudisha nje ya mota? Ya ampea ngapi, isikate kila mota inapoanza kuzunguka?

Najua naweza kubaki na volti 9 na gia ya meno 24 iendeshe ya meno 8. Kasi huwa mara tatu, lakini nguvu ya kuzungusha hushuka hadi theluthi, na gari hilo zito halitaondoka.

Swali la mwisho ni ekseli, maana plastiki ikisuguana kwa kasi hiyo hulika na kutoa unga. Grisi ya silikoni inatosha, au nitie beringi?