MREJESHO: Sakata la cheo nilichorukwa, Moshi

Wakuu, niliuliza hapa kuhusu karani niliyemfundisha kazi mwenyewe kupandishwa cheo, mimi niliyemtangulia kuajiriwa nikabaki palepale. Kampuni ni binafsi, ya kusafirisha mizigo. Mlioniambia siku 30 za kupeleka malalamiko zimeshapita, hizo ni za kuachishwa kazi; migogoro mingine ni 60. Nikawahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, nikajaza fomu. Kwenye usuluhishi mwajiri akadai ukongwe si kigezo pekee. Hapo ana hoja, ila waraka wao wenyewe unautaja, na tathmini yangu ya utendaji hawakuwa nayo kabisa! Tumesaini makubaliano: usaili unarudiwa, nami nimo. Watumishi wa umma, njia yenu ni nyingine, mnapitia kwanza Tume ya Utumishi wa Umma.