Baridi ya Minnesota inakuja: nyumba na gari niviandaeje?

BintiLushoto: Wakuu, naombeni ushauri. Tulihamia Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, mwezi wa sita, mimi, mume wangu na mtoto wa mwaka mmoja. Nimekulia Lushoto, baridi ya mlimani naijua, lakini wenyeji wanasema hapa Januari inaweza kushuka hadi nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Tumepanga nyumba ya zamani ya mbao, madirisha yanapitisha upepo, na gari linalala nje barabarani. Hela ni ya kubana, kwa hiyo nianze na lipi? Na umeme ukikatika, nikiwasha jiko la mkaa ndani na kuacha dirisha wazi kidogo, kuna shida?

Mama Neema: Mdogo wangu, nianzie hapo mwisho. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, mnalala na hamwamki. Oveni ya gesi nayo msiitumie kupasha chumba. Sheria ya Minnesota inataka king'ora cha gesi hiyo kiwepo ndani ya futi 10 kutoka kila chumba cha kulala. Leo hii bonyeza kitufe ukijaribu. Kama hakilii au hakipo, mwandikie mwenye nyumba usisubiri theluji. Umeme ukikatika, kaeni wote chumba kimoja, zibeni chini ya mlango kwa blanketi, vaeni nguo juu ya nguo. Umeme ukichelewa kurudi, mchukue mtoto mwende kwa rafiki mwenye joto.

FundiMsafi: Kwa gari, hela ya kwanza iende kwenye betri. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki na karibu nusu ya nguvu zake, na wakati huohuo oili imekuwa nzito kama asali, injini inazunguka kwa shida. Maduka mengi ya vipuri hupima betri bure. Ikiwa imechoka, badilisha sasa. Oili fuata kitabu cha gari. Gari nyingi za siku hizi zinatumia 0W-20, oili nyepesi, hiyo inafaa baridi. Kulanti, yaani dawa ya rejeta, ichanganywe nusu kwa nusu na maji, haitaganda mpaka kama nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji ya waipa nunua ya msimu wa baridi, ya kawaida yataganda kwenye kioo. Upepo wa tairi pima mara kwa mara, maana joto likishuka nyuzi 10 za Farenhaiti (kama 5.5 za Selsiasi) unapungua kama psi 1, kipimo cha upepo wa tairi.

Jirani_wa_Mto: Kwa kuwa unaegesha barabarani: mji ukitangaza dharura ya theluji, sheria za maegesho zinabadilika kwa siku 3, na ya kwanza inaanza saa 3 usiku. Jiandikishe upate ujumbe kwenye simu. Gari likivutwa, faini na gharama za kulikomboa zitakula bajeti yote ya baridi.

Mama Neema: Nimerudi kwa ajili ya madirisha. Kuna nailoni nyembamba ya kubandika kwenye fremu, ukiipuliza na draya ya nywele inakaza. Bei yake ndogo na upepo utausikia umekatika. Usiku wa baridi kali, fungua milango ya kabati chini ya sinki na uache bomba lidondoke kidogo kidogo, mabomba yasipasuke. Mkisafiri msizime hita, iacheni isishuke chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti (kama 13 za Selsiasi). Bili ikiwashinda, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30 kuna kanuni ya jimbo inayowalinda wateja wasikatiwe joto, ila lazima mpige simu mkubaliane malipo. Ukinyamaza haikulindi.

BintiLushoto: Asanteni sana, dada Mama Neema na wengine. Betri nitaipima Jumamosi. Je, tukikwama njiani na mtoto?

FundiMsafi: Msitoke kwenye gari kutafuta msaada gizani. Pigeni 911, namba ya dharura. Ondoeni theluji kwenye ekzosi kwanza, halafu washeni injini kama dakika 10 kila saa, dirisha moja wazi kidogo. Ndiyo maana tanki lisishuke chini ya nusu. Kwenye buti weka blanketi, sepetu, tochi, waya za kubustia na mfuko wa mchanga.

Mama Neema: Na mtoto asifungwe kwenye kiti cha gari akiwa na koti nene, mikanda inalegea bila wewe kuona. Mfunge na sweta, mikanda ikaze, halafu mfunike blanketi juu.