Upepo wa tairi la pikipiki umekuwa siri ya serikali?

Jamani, leo nimechoka. Hapa Busia, upande wa Uganda, ukiuliza tairi la nyuma la pikipiki ya Boxer linataka upepo kiasi gani, jibu linategemea mtu ameamkaje. Fundi wa pancha anakwambia, "Weka 40, haisumbui." Kijana wa kituo cha mafuta: "30 mbele, 30 nyuma, maliza." Mzee mmoja wa steji yetu analipiga tairi teke, anatega sikio, anasema bado kidogo. Anasikia nini huko ndani, Mungu ndiye ajuaye.

Asubuhi hii ndiyo imenimaliza kabisa. Kituo kimoja njia ya Tororo, geji imesoma 28. Nimevuka barabara tu, kwa fundi wa kompresa, tairi lile lile limesoma 35. Nikaitazama geji yake vizuri: kioo kimepasuka, na mpira ukichomolewa mshale haurudi kwenye sifuri, umekwama kwenye 7. Nikamwonyesha. "Bosi, hiyo ni ya kukadiria tu." Ya kukadiria! Mbona ile mia tano yangu hukuikadiria, ssebo? Pampu ya mafuta tunaona imebandikwa stika ya ukaguzi. Geji ya upepo inayoamua kama nitasimama au nitaingia chini ya lori la Malaba, haina chochote.

Na namba yenyewe ipo! Kitabu cha Boxer kinasema mbele psi 25 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba, ndicho kipimo cha namba zote hizi), nyuma 28 ukiwa peke yako, nyuma 32 ukibeba abiria. Nimekisoma kwa kuazima, maana aliyeniuzia pikipiki alinipa funguo na helmeti nyembamba, kitabu kikabaki kwenye droo yake. Wengine mna stika ya namba hizo kwenye kava ya cheni, kama haijapakwa rangi juu. Tena ukibahatika kupata geji nzima, inasoma kilo (kwa sentimita ya mraba) badala ya psi, na mtu anaona 2 anadhani tairi limekwisha upepo. 2 ya kilo ni psi 28 na kidogo. 2.25 ni 32. Ni hayo tu, lakini nani kakwambia?

Hiyo 40 ya mafundi inatoka wapi? Wanaisoma ubavuni mwa tairi. Ile ni ya mwisho, ya mzigo wa mwisho ambao tairi linaweza kubeba. Tairi lenye alama ya mzigo ya 50 ubavuni (hiyo si psi) linabeba uzito wa hadi kilo 190, si zaidi. Ukijaza hiyo 40 kisha ukapanda peke yako, tairi linakanyaga kwa katikati tu. Linalika katikati, kwenye vumbi linarukaruka, na lami ikilowa ndipo utajua. Wanaokwenda na upepo mdogo nao wasicheke. Ubavu unajikunja kila mzunguko, tairi linachemka, na ukipiga shimo tyubu inabanwa na rimu inatoboka matundu mawili sambamba. Tazameni vali zenu. Ikiwa imelala upande badala ya kusimama wima, tyubu inateleza ndani ya tairi, na siku moja itang'oka hapo shinani ukiwa na mama wa watu na mtoto mgongoni.

Halafu kuna hili la joto, ambalo linanitia wazimu. Upepo unapimwa tairi likiwa la baridi, asubuhi kabla ya kazi. Ukitoka Bugiri na mzigo, saa saba ya jua, geji itakuonyesha psi 3 za ziada hivi. Fundi anaona imezidi, anatoa. Kesho asubuhi una tairi legevu na hujui kwa nini.

Na kitabu, kwa heshima zote, kinahesabu abiria mmoja. Hakijamwona mtu wa hapa na abiria wawili na mkungu wa matoke. Msiniulize hiyo inataka ngapi. Kwa mzigo huo hakuna namba, teremsheni mtu.

Ninachotaka ni kimoja. Nani ananunua wapi geji ya mkononi ya kuaminika, iwe Busia, Tororo, hata Jinja? Wekeni na bei. Na wale wa "bonyeza kwa kidole gumba utajua tu", tafadhali piteni mbali na uzi huu.